Jembe Butu na Ndimu Kali

Siku ya mnada, stendi ya Babati haina nafasi ya kuweka mguu. Ukiuinua wa kulia ujikune, ukitaka kuushusha unakuta gunia la mbaazi limeshakaa pale, na mwenye gunia anakutazama kama vile wewe ndiye uliyemvamia. Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile ya mwaka wa uchaguzi, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga kiasi kwamba vibao vya ofisi zake vilikuwa vinanukia rangi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Uliporudi saa nane mchana, watu waliacha kuku, wakaacha vitunguu, wakakimbilia dukani kwa Mzee Sadallah kutoa kopi, kuchapa barua na kuingia intaneti.

Intaneti yenyewe ilikuwa kompyuta nne tu, nazo zilikwenda kwa mwendo wao. Mama mmoja wa Mutuka aliinjika maharage, akaja dukani kufungua picha ya mjukuu wake aliyezaliwa Mwanza, akarudi nyumbani, akayaunga, akayala, akaosha vyombo. Aliporejea dukani, picha ilikuwa imefika kwenye nyusi. Wapo wanaosema mtoto alipomaliza kufunguka hadi miguuni alikuwa ameshaanza shule. Hao wanaongeza chumvi. Alikuwa anatambaa tu.

Nyuma ya kaunta alikuwepo Edda, binti wa Singe, mchapaji wa duka. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge la maua ya zambarau, nywele kasuka twende kilioni, na vidole vyake vilipita juu ya vitufe kama mvua ya kwanza juu ya bati. Akainua macho, akamwona kijana mrefu amebanwa kati ya mama mwenye kuku wawili na mzee mwenye barua ya kiwanja. Juu alivaa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungeweza kukata nyanya. Chini alivaa mabuti ya mvua yenye udongo. Juu karani, chini mkulima. Mkononi alishika daftari.

"Mambo, dada."

"Poa. Kuchapa, kopi, au intaneti?"

"Nataka haya yaende Kibarazani."

Kibaraza ulikuwa ukurasa wa mtandaoni ambako vijana wa nchi nzima walibishana kuhusu kila kitu: msichana avae suruali kanisani au asivae, mbunge akilala bungeni aamshwe na nani, mume akague simu ya mkewe au aiache.

"Keti hapo nikuonyeshe uchape mwenyewe," Edda akasema.

"Dada yangu, kidole changu kimoja kinakandamiza vitufe vitatu. Nitakuharibia mali ya watu."

Edda akacheka, akapokea daftari. Mwandiko ulikuwa mzuri, umelala upande mmoja kama shamba la ngano lililopigwa na upepo, na daftari lilikuwa na jina juu yake: Theodori, Sigino.

"Huko ndani huwa hatuandiki majina yetu. Chagua jina la kujificha."

"Jembe Butu."

"Nani atamsikiliza jembe butu? Sema Jembe Kali."

"Andika nilivyosema, dada. Mimi najijua."

Mada ya wiki ile ilikuwa kama mwanamume aliyeoa apike. Theodori alikuwa ameandika kwamba apike, na kwamba yeye mwenyewe, ingawa hajaoa, anapika, ila ugali wake huungua chini na kubaki mbichi juu, na mbwa wake aliwahi kuukataa. Edda alichapa huku anajizuia kucheka. Hakuwahi kumwona mtu akienda kubishana na nchi nzima kwa kuanza kujisema vibaya.

Majibu yakaja. Mmoja wa Dodoma akaandika: "Jembe Butu, kweli butu." Mwingine akauliza kama mbwa yuko salama. Edda aliyasoma peke yake saa za kufunga duka, moyo ukamuuma kama vile ametukanwa kaka yake. Au si kaka. Neno lenyewe hakulijua bado.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, Theodori alipoleta ukurasa mwingine, Edda alimwekea nukta mahali ambapo hakuweka. Nukta tu. Jumamosi ya tatu akamnyooshea sentensi. Ya nne akamwondolea aya nzima iliyoeleza jinsi alivyowahi kudanganywa na muuza mbegu. Jembe Butu akaanza kusifiwa. "Huyu kijana wa Babati ana kichwa," wakaandika wa Dar es Salaam. Edda alimchapia majibu hayo, akampa akayasome nyumbani. Maneno yake mwenyewe hakumchapia, wala Theodori hakuyaomba. Aliyaandika yeye, ya nini kuyasoma tena?

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemsumbua huko Kibarazani, anayejiita Ndimu Kali. Theodori akisema hivi, Ndimu Kali anasema vile, tena kwa mdomo unaochoma.

"Huyu Ndimu Kali ni wa wapi?" akauliza siku moja, wanakula mihogo ya kukaanga kando ya duka.

"Atakuwa wa mbali huko."

"Akili anayo, sibishi. Ila mume atakayempata, naye aombewe."

Edda akamkanyaga buti.

"Sasa mbona unanikanyaga?"

"Nimeteleza."

Ndimu Kali alikuwa Edda. Alipenda kubishana naye, na alipenda abishane na mtu aliyenyooka, ndiyo maana kwanza alimnyoosha kisha akampinga. Alijiona mjanja. Ukimwangalia vizuri, alikuwa anacheza bao peke yake na kujipigia makofi.

Mapenzi yakaota hapo, bila mtu kuyapanda. Wakawa wanatembea hadi ziwani kutazama viboko, Theodori akiapa kwamba kiboko mmoja mzee huwa anaitika akiitwa kwa jina la ukoo. Katikati ya wiki walipigiana simu. Lakini shambani kwa Theodori mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu.

"Haloo, Jembe langu?"

"Subiri nipande! ... Ehe, nimefika. Sema, mama."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Sijala, nakuwaza."

"Acha uongo wewe, nasikia unatafuna."

"Natafuna huku nakuwaza."

"Edda, ngoja. Siafu wamenipanda."

"Usikate!"

"Sikati. Ila nikipiga kelele, jua si kwa sababu yako."

Uchaguzi ukakaribia. Magari ya wagombea yakapita vijijini yakigawa fulana na kofia, na Kibarazani ikaja mada iliyowasha moto: fulana za wagombea ni zawadi au ni hongo? Theodori alileta daftari akiwa na uso mzito.

"Hii nimeiandika mara tatu," alisema. "Hii chapa kwa utulivu."

Alikuwa ameandika hivi: "Nasema ni hongo, na nasema hivyo nikiwa nimeshaipokea. Fulana niliichukua kwa mikono miwili, nikasema asante, nikaivaa shambani siku tatu. Siku ya nne niliinama kwenye pipa nichote maji, nikaona nimebeba uso wa mtu mwingine kifuani kwangu, nikaona haya. Ninayewaonya ni mtu niliyeanguka hapo hapo."

Edda aliisoma mara mbili. Aliwaona wale wa Dodoma wanavyonoa meno. Akaona Jembe wake anageuzwa kichekesho, naye anaweza kuzuia kwa kufuta mistari minne. Akaifuta. Pale palipobaki pengo, vidole vikaandika vyenyewe: "Nasema ni hongo, na mimi sijawahi kupokea hata kofia." Akatuma.

Kibaraza kizima kilisimama kupiga makofi. Mtu msafi amepatikana, tena Babati!

Sasa, huko Sigino kulikuwa na kikundi cha wakulima wa mbaazi kilichokuwa kinatafuta katibu. Theodori aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Walanguzi walikuwa wakiwapunja wakulima kila msimu kwa maneno matamu, naye alitaka pale ghalani awepo mtu mmoja ambaye neno lake halikaguliwi. Wengi walikuwa upande wake kwa sababu hiyo hiyo: Theodori akisema mvua imenyesha, huna haja ya kuchungulia dirishani. Jirani yake Modesti naye aliitaka nafasi hiyo. Modesti alikuja mjini, akaingia Kibarazani, akausoma ule ukurasa wa Jembe Butu, jina ambalo Theodori hakumficha mtu kijijini, akautoa kwenye karatasi na kuubandika mlangoni pa mashine ya kusaga, mahali ambapo Sigino nzima hupita na debe kichwani.

Na Sigino nzima ilikuwa imemwona Theodori amevaa ile fulana siku tatu.

Aliingia dukani Jumatatu asubuhi, shati halijapigwa pasi. Akaweka karatasi juu ya kaunta.

"Edda, nisomee hapa. Macho yangu leo hayaoni vizuri."

Edda akaiona, akaitambua.

"Theo, nisikilize..."

"Soma."

"Sijawahi kupokea hata kofia," Edda akasoma kwa sauti ya chini.

"Hayo ni maneno ya nani?"

"Yangu."

"Na chini pameandikwa nani?"

"Wewe. Theo, nilitaka wakuone msafi! Wangekucheka, ungekuwa mfano wa..."

"Wananicheka sasa! Bibi yangu mwenyewe, aliyeifua ile fulana, ameniuliza jana, mjukuu wangu, uongo umeanza lini?" Akashusha pumzi. "Mara ngapi umefanya hivi?"

Edda angeweza kusema mara moja. Hakusema.

"Karibu kila mara. Na kuna jingine. Ndimu Kali ni mimi."

Theodori akaisukuma karatasi kando.

"Sasa nimeelewa. Umeshindwa kuniangusha kwa maneno yako, ukaona uniangushe kwa yangu."

"Sivyo! Naapa, sivyo kabisa!"

"Uchaguzi wa kikundi ni Jumamosi. Mwambie Ndimu Kali ameshinda."

Akatoka. Daftari akaliacha pale pale, kama mtu anayeacha sufuria kwa jirani aliyegombana naye.

Edda alipiga simu Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Namba haipatikani, mwenyewe hapandi kichuguu. Alhamisi ikaita.

"Haloo?"

"Theo, ni mimi."

"Sikusikii. Nipo chini ya kichuguu."

"Kama hunisikii, umejuaje ni mimi?"

Upepo ukasikika ukipita kwenye mbaazi.

"Nimebahatisha," akasema, akakata.

Mzee Sadallah aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, kofia imeinamia jicho moja. Alikuwa ameanza kuchapia watu kwenye taipureta, zamani za karatasi ya kaboni.

"Edda mwanangu, njoo."

"Naam, Baba Shani."

"Mwaka fulani alikuja mpangaji mwenzangu hapa. Kaniletea barua niichape, ya kunishtaki mimi kwa mwenye nyumba. Kaniita mnafiki mara nne, mchoyo mara mbili. Nikachapa yote."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na ile 'mnafiki' ya tatu aliikosea, nikamuuliza, ndugu, hapa ulitaka kusema mnafiki? Akasema ndiyo. Nikamrekebishia kwa ruhusa yake." Akakohoa kicheko. "Mtu akikuachia maneno yake, amekuachia mali. Wewe umeyachukua ukayavaa."

"Nilimpenda, Baba Shani."

"Ungempenda na ugali wake wa kuungua."

Edda alirudi kwenye kompyuta, akachukua lile daftari, akaufungua ukurasa wa fulana na kuupitisha kwenye skana, mwandiko ule ule uliolala upande mmoja. Akauweka Kibarazani. Juu yake akaandika, safari hii kwa jina lake lote na mahali anapofanya kazi: "Mimi ndiye mchapaji. Jembe Butu aliandika haya mnayoyaona hapa. Uongo niliuweka mimi bila yeye kujua. Ndimu Kali pia ni mimi, na leo anafunga mdomo." Matusi yalimjia hata kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, na kwa intaneti ile, hiyo ilikuwa ni maajabu. Yule wa Dodoma akauliza kama huko Babati watu huongea wenyewe au hukodi. Aliyasoma yote. Hakujibu hata moja.

Lakini Sigino hawakuwa na Kibaraza. Walikuwa na mlango wa mashine. Kwa hiyo Jumamosi aliomba ruhusa, akakodi baiskeli, akakanyaga pedali mpaka Sigino, gauni la zambarau limeshika vumbi hadi magotini. Alipofika, ghala lilikuwa limejaa. Mama Domitila, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa amesimama mbele na kitenge kifuani, na Theodori amekaa nyuma kabisa karibu na magunia, kichwa chini.

"Shikamoo, mama. Shikamooni wazee."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Naitwa Edda, natoka Singe. Nachapa dukani kwa Mzee Sadallah. Naomba kusema, mama, kisha mnifukuze."

"Sema kwanza. Kufukuza tunaweza."

Edda alisema. Hakujipamba. Alieleza nukta ya kwanza, sentensi ya pili, aya ya tatu. Halafu akafungua daftari na kusoma maneno ya Theodori yalivyoandikwa, tangu "nimeshaipokea" mpaka "niliyeanguka hapo hapo". Hata kuku waliokuwa wakiokota mbaazi mlangoni wakasimama.

Modesti akainuka. "Hata kama! Si bado inabaki pale pale kwamba fulana alipokea?"

"Alipokea," Edda akajibu.

"Si mmesikia?"

"Tumesikia, Modesti," Mama Domitila akasema. "Na kile kitambaa ulichofutia baiskeli yako asubuhi, chenye nusu ya sura ya mheshimiwa, nacho ni nini?"

Ghala lilipasuka kwa kicheko. Mzee mmoja akafunga vifungo vya koti haraka haraka, kumbe ndani kaivaa. Mama mmoja akakiri kwamba yake ameifanya mto wa mtoto. Mama Domitila mwenyewe akasema kofia anayo, inamkinga na pumba wakati wa kukoboa.

"Basi sote tumo," akasema, akifuta machozi ya kucheka. "Aliyejiandika kwa mkono wake ni mmoja. Nyoosheni mikono."

Si yote iliyonyooka. Modesti alikuwa na shemeji wengi. Lakini ilitosha, na Theodori akawa katibu.

Alimkuta Edda nje, ameshashika usukani wa baiskeli.

"Unakwenda wapi?"

"Nimemaliza nililojia."

"Mimi sijamaliza." Akaushika usukani upande wa pili. "Hili la Modesti limepita. Jana nilipita dukani umeshaondoka, Mzee Sadallah akanionyesha ulichoandika kule, na jina lako lote. Hasira ikaniisha. Ila kuna kitu hakijaisha. Edda, kwa nini uliona sitoshi?"

Swali lile lilimpata pabaya kuliko matusi yote ya Dodoma.

"Niliona wao wataona hutoshi," akasema taratibu. "Nikawaogopa wao kuliko nilivyokuamini wewe. Mimi, Theo, siku ile uliposema mbwa aliukataa ugali wako, nilikuwa nimekwisha. Nikaenda kuufuta ugali wenyewe ulioniponza."

Theodori akajaribu kununa, akashindwa.

"Kwa hiyo hukutaka kuniangusha?"

"Nikuangushe umwangukie nani, we mwanaume?"

"Ndimu Kali huyo, amerudi."

"Amefunga mdomo. Ameahidi nchi nzima."

"Ahadi hiyo siitaki. Nani atabishana na mimi?" Akatazama mabuti yake, kisha akamtazama usoni. "Nataka kuja kwenu."

Edda akaishika baiskeli kwa nguvu maana dunia ilikuwa imeyumba kidogo. Tayari ulimi ulikuwa umeanza: aje na nani, avae nini, aseme nini baba akiuliza shamba. Akaumeza wote.

"Njoo," akasema tu. "Sema utakavyosema."

Wakaja Singe baada ya mavuno. Kwa desturi, kijana hukaa kimya kama gunia, anayesema ni mshenga, na mshenga aliyekuja alikuwa Mzee Tadeo, baba mdogo wa Theodori, mtu ambaye akisimulia kuhusu mbuzi wake unatoka ukiamini ni twiga. Alikaa mbele ya baba yake Edda, akajisafisha koo, akafungulia.

"Baba Rogathe, kijana wetu huyu ana eka kumi na mbili za mbaazi..."

"Tatu," ikasikika sauti kutoka kwenye kona.

Mzee Tadeo akageuka, akamkata jicho, akaendelea. "Ana nyumba ya vyumba vinne, ya bati..."

"Viwili. Bati limefika nusu."

Nyuma ya pazia, Edda alikuwa ameshika sinia la chai, amebana upindo wa kanga kwa meno. Mama yake akamnong'oneza, "Huyu mchumba wako mgonjwa?" Edda akatikisa kichwa, machozi na kicheko vinagombania njia moja.

"Ana ng'ombe sita wa maziwa!" Mzee Tadeo akapaza sauti, jasho linamtoka.

"Mmoja, mzee. Naye anapiga teke."

Baba yake Edda, ambaye watu husema hakuwahi kucheka tangu siku ya ubatizo wake, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena ili amwone vizuri yule aliye kwenye kona.

"Anapiga teke la mbele au la nyuma?"

"Lolote atakaloamka nalo."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika.

"Tadeo ndugu yangu," akasema, "hebu pumzika kidogo, unywe chai. Huyu kijana aendelee."